Miche Iliyosogezwa Mbele

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau bwana wetu wa waridi. Alilala Kasese mjini, akapanda mlimani kwetu Kyondo kila asubuhi na viatu vinavyong'aa, na kabla hajamsalimia mtu alikuwa ameshaanza kutuhubiria vinasaba. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kazi yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Tuliotesha mbegu za mawaridi yaliyochanganywa, na badala ya kungoja kila mche utoe ua, tulikata kipande kidogo cha jani, tukakitia kwenye kichupa na kukipeleka maabara. Huko walitafuta alama za vinasaba zinazoonyesha mche upi utakuwa na petali nyingi na upi utastahimili ukungu mweupe. Miche iliyobaki ilitupwa ingali midogo.

Mimi nilikuwa karani. Aliyemwagilia maji alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka pande za Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Barua yake ya kazi ndiyo karatasi pekee aliyokuwa nayo ya kuwaonyesha askari wa kizuizi cha barabarani Bwera. Bila hiyo angerudishwa kambini, na alilijua hilo kila alipoikunja na kuitia kifuani.

Basi bwana mkubwa huyu, na digrii zake zote, alikataza miche isiwekewe vibao. Eti vinachafua trei! Tuhesabu tu: tundu la kwanza, kichupa cha kwanza, la pili, cha pili. Majani yakaenda maabara. Baada ya siku chache miche kadhaa ikaoza shina ikafa, na wageni wa kukagua trei walikuwa njiani.

"Sogezeni mbele," akaamuru. "Sitaki mapengo."

Yule mama akaweka ndoo chini. "Patron, kwetu mutoto wa pili anabakia wa pili, hata wa kwanza akufe. Jina lake haibadilike."

Mkonzo yeyote wa milima hii, upande wetu au wa Kongo, anajua hilo. Watoto tunawaita kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kifo hakimpandishi mtu cheo. Bwana alicheka mpaka akashika miwani.

"Mama, haya ni maua, si watoto. Wewe mwagilia."

Nilielewa papo hapo kwamba mama amesema kweli: namba za matundu hazingelingana tena na za vichupa. Nikaanza kusogeza miche, mmoja mmoja, kwa mikono yangu mwenyewe.

Majibu yaliporudi tukachagua kwa namba, mingine tukaichoma. Ile miche bora ilipochanua, ilitoa petali tano tano za kusikitisha, na majani yake yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga. Wenye shamba wakaja juu. Bwana, bila hata kupepesa jicho, akasema mwagiliaji ndiye aliyevuruga trei. Mtu mzima ovyo! Wakanigeukia.

"Karani, nani alisogeza miche?"

"Mimi hushika kalamu tu," nikasema.

Mama alinitazama. Barua ya kumfukuza niliiandika mimi, bwana akatia sahihi. Nilipompa aliigeuza huku na huku, kisha akanirudishia. Hakujua kusoma.

"Unisomee, mutoto yangu," akasema. "Yote."

Nikamsomea yote, hata pale ilipoandikwa kwamba miche aliisogeza yeye.