Fungu la Bani la Tatu

Minza alivaa kitenge chake cha Pasaka siku aliyopelekwa hospitali, kwa sababu hakujua kwamba anapelekwa hospitali. Alijua anakwenda Tabora mjini kuonana na wanunuzi wa tumbaku. Kaka yake Emilian ndiye aliyemwambia hivyo, tena kwa uso mkavu: wanunuzi wamesikia sifa zako, wanataka uwaonyeshe unavyoyapanga majani kwa madaraja. Chukua fungu moja la bani la tatu, alisema, wakaone dhahabu yenyewe. Basi Minza, mjane wa miaka arobaini na minne, akafunga fungu lake kwa kamba ya katani, akapanda pikapu ya kukodi kutoka Goweko, akalipakata njia nzima kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Nitasema kwanza huyu Minza ni nani, maana waliomcheka waliposikia kisa hiki hawakumjua. Goweko yote ilijua kwamba hakuna mkono unaokausha tumbaku kama wake. Bani, kwa asiyelijua, ni kijumba kirefu cha matofali ambamo majani mabichi huning'inizwa kwenye fito, na moto ukawashwa chini kwa siku sita au saba bila kuzimika. Moto ukizidi, jani linaungua. Ukipungua, linaoza. Mwenye bani hulala kwa vipande, jicho moja kwenye kipima joto, na wengi huharibu siku ya tano kwa sababu ya uchovu. Minza hakuwa akiharibu. Alikuwa akiingiza pua tu mlangoni na kusema, "Ongeza gogo moja," na gogo moja ndilo lililotakiwa. Kazi hiyo alifundishwa na Emilian mwenyewe alipokuwa binti mdogo, na kwa kazi hiyo alimlea mwanawe Fikiri peke yake baada ya mume kufa.

Mwaka huu mvua zilikuwa nzuri, na Emilian alijaza mabani matatu, moja baada ya jingine. Mgongo ulikuwa ukimsumbua. Akamwomba dada yake, na dada hakuwahi kumkatalia kaka yake kitu.

Bani la kwanza lilikwisha vizuri. Kwenye la pili usingizi wa Minza ukapotea. Hata mke wa Emilian alipokuja kumpokea ili akapumzike, alijilaza macho makavu, kifua kinamwenda mbio, akiyasikia majani yakibadilika rangi. Ndiyo, akiyasikia. Alimwendea kaka yake asubuhi moja akamwambia, "Kaka, usingizi umenikataa."

Emilian alicheka kwa fahari. "Wewe ni damu ya wapagazi," alimwambia mbele ya watu wa chama cha wakulima. "Babu wa babu yetu alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mzigo haukugusa ardhi. Usingizi ni wa watu laini."

Na watu wa chama wakapiga makofi. Sikiliza jambo hilo vizuri, kwa sababu limenikera tangu nilipolisikia. Kwingine, mtu asiyelala wiki mbili anaonewa huruma. Goweko wakati wa kukausha tumbaku, anapigiwa makofi. Walimpita asubuhi akikoka moto, wakampita jioni akikoka moto, wakasema laiti wake zetu wangekuwa hivi. Hakuna aliyeuliza anakula nini, wala kwa nini midomo yake inacheza wakati hakuna anayezungumza naye.

Bani la tatu lilipotolewa, kazi ilikuwa imekwisha, lakini Minza hakuambiwa na mwili wake kwamba imekwisha. Alihamia kwenye bani la zamani la baba yao, bovu, lisilo na hata jani moja, akawasha moto. Siku ya kwanza Emilian aliuzima. Siku ya pili aliuzima tena. Siku ya tatu alikwenda kutafuta pikapu.

Mjini pikapu haikwenda kwenye maghala ya tumbaku. Ilisimama mbele ya jengo lenye kibaraza kirefu, na mwanamume mmoja mwenye koti jeupe akatoka kuwapokea. "Nenda na huyu bwana," Emilian alisema, akitazama pembeni. "Wanunuzi wako ndani."

Minza aliingia. Mlango ukafungwa nyuma yake kwa ufunguo. Aligeuka, akamwona kaka yake kupitia kioo, ameinama kwenye meza, anatia saini.

"Shikamoo, dada," alisema yule mwenye koti. "Mimi ni muuguzi, naitwa Nassibu. Karibu."

"Marahaba. Wanunuzi wako wapi?"

Nassibu alimtazama, akalitazama fungu la tumbaku, akaelewa. Akashusha pumzi. "Hakuna wanunuzi hapa, dada yangu. Hii ni wodi ya afya ya akili. Hawakukwambia?"

Minza hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi. Alihisi aibu kabla ya hasira, aibu ya kitenge cha Pasaka. Nassibu akamweleza taratibu, kimoja kimoja, vitu vitakavyochukuliwa na kuandikwa kwenye daftari: simu, pini za nywele, wembe uliokuwa kwenye pochi, mtandio mrefu, na ile kamba ya katani. Vyote atarudishiwa siku ya kutoka. "Hata kamba?" Minza aliuliza. Hata kamba. Muuguzi alilichukua fungu kwa mikono miwili, akalifunga ndani ya gazeti, akaliweka kabatini bila kuvunja jani. Minza aliliona hilo na alilikumbuka.

Daktari aliitwa Mehjabeen. Mzaliwa wa Gongoni, mtaa wa mjini hapo, baba yake ana duka la magunia ambako Minza alinunua mara nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora tupu. Alimpima shinikizo la damu, akampima uzito, akauliza mambo ambayo Minza hajawahi kuulizwa na mtu. Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Umewahi kutaka kufa? Mara ya mwisho kulala ni lini?

"Bani la pili," Minza alijibu.

"Lilikuwa lini?"

Minza akahesabu kwa vidole. Daktari akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Sitakudanganya, mama. Unaumwa. Ubongo usiopata usingizi muda wote huo unaanza kuona na kusikia mambo yake. Unatibika. Utakaa hapa siku chache, pengine wiki, siyo miezi. Kidonge hiki kitakulaza. Mdomo utakauka, kesho mwili utakuwa mzito. Ukiona kitu kibaya, uniambie."

Minza alikipokea kidonge. Hakukipokea kwa sababu aliamini anaumwa. Alikuwa bado anayasikia majani. Alikipokea kwa sababu tangu asubuhi huyo alikuwa mtu wa pili tu kumwambia jambo kama lilivyo, na wote wawili hakuwajua.

Alilala mpaka kesho yake mchana.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mariya, mama wa Ipuli mwenye mdomo mwepesi, ambaye hii ilikuwa mara yake ya tatu. Mariya ndiye aliyempa ramani. Asubuhi uji, halafu dawa kwenye foleni. Ukimeza, unafungua mdomo waone umemeza kweli, usione wanakudharau, kila mtu anafungua. Choo hakina komeo, basi imba ukiwa ndani. Daktari anapita saa nne. Mchana kuna kikao barazani, mnazungumza, ukitaka kunyamaza unanyamaza. Jamaa wanaruhusiwa saa kumi. "Na usimwambie daktari siku ya pili kwamba umepona," Mariya alisema. "Sote tumeshasema hivyo. Anaandika tu, anatabasamu."

Kisha akauliza, "Wewe ulidanganywa nini?"

"Wanunuzi wa tumbaku."

"Mimi kipaimara cha mtoto wa shemeji. Nilibeba na zawadi, sahani sita." Mariya alicheka mpaka akashika mbavu, na Minza naye akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Halafu kicheko kikamgeukia akalia. Mariya hakumnyamazisha. Alisogea tu, akakaa naye kitandani.

Siku ya nne majani yalinyamaza. Hakukuwa na kishindo. Minza alikuwa akifua kitenge chake, akagundua kwamba anasikia maji tu. Aliomba simu ampigie Fikiri, binti yake aliyekuwa akishona nguo papo hapo Ipuli, mwendo wa miguu kutoka wodini.

"Mama! Umerudi kutoka Urambo?" Fikiri aliuliza.

"Urambo?"

"Mjomba alisema uko Urambo na wanunuzi, huko hakuna mtandao, nisihangaike kupiga."

Minza alishika simu kwa mikono miwili. Siku nne alikuwa akijiambia kwamba binti yake anajua na ameona haya kuja. Alikuwa ameanza kumsamehe. Saa kumi Fikiri alifika anahema, na futi ya kupimia bado shingoni, akamkumbatia mama yake.

Siku ya sita daktari aliwaita ndugu. Walikaa wanne kwenye chumba kidogo: Mehjabeen, Minza, Fikiri, na Emilian, ambaye alikuwa amevaa shati la kanisani na hajui aweke wapi mikono.

"Mzee Emilian," daktari alisema, "nahitaji kujua mwanzo wake. Uliona mabadiliko lini?"

Emilian alikohoa. Nadhani mbele ya daktari alitaka kuwa mkweli, na ukweli ukamtoka bila kuangalia nani yuko chumbani. "Tangu bani la pili, daktari. Alianza kuongea na moto. Akawa anayaita majani kwa majina ya marehemu wetu. Mke wangu aliogopa, akasema tumlete."

"Bani la pili," Minza alirudia. Sauti yake ilikuwa tulivu na imelala vizuri. "Na la tatu alilikausha nani?"

Emilian akaificha mikono katikati ya magoti.

"Nilikuambia usingizi umenikataa. Ukaniambia damu ya wapagazi."

"Nilifikiri utapata nafuu kazi ikiisha," Emilian alisema. "Na siku ile, ningekuambia ukweli usingekuja. Mungu anajua nilikuleta kwa nia njema."

"Wapagazi walikuwa wakilala," daktari alisema, akiandika. "Wakifika hapa Tabora walitua mizigo, wakakaa hata wiki kadhaa. Mji huu ulikuwa mahali pa kupumzika." Kisha akaeleza masharti ya ruhusa: vidonge viwili kila jioni saa mbili, kurudi kliniki baada ya wiki mbili, na mtu mmoja wa kuandikwa kwenye fomu, atakayeangalia kwamba dawa inamezwa na usingizi unalindwa. Jina hilo lilitakiwa siku ya kutoka.

Emilian alisema upesi, "Niandike mimi. Mimi ndiye kaka yake, nimemlea." Daktari akasema atakayechagua ni mgonjwa mwenyewe.

Minza aliifikiria fomu ile siku mbili. Usicheke. Goweko ndiko liliko shamba lake, ndiko liliko kaburi la mume wake, ndiko jina lake lilikokuwa na maana. Na Emilian kweli alimlea. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini bado kulikuwa na jambo moja lililomshikilia kwa kaka yake, nalo ni lile neno dhahabu. Hata kama alimdanganya kuhusu wanunuzi, kazi yake aliisifu kwa haki. Alijiambia, aliona thamani yangu, akakosea tu namna ya kunitumia. Jumanne usiku alikuwa karibu kuamua kumwandika.

Jumatano asubuhi Nassibu alimrudishia vitu vyake mezani, akivisoma daftarini: simu, pini, wembe, mtandio, kamba. Mwisho akaleta fungu ndani ya gazeti. Emilian alikuwa amesimama pale na ufunguo wa pikapu, Fikiri upande wa pili.

Minza alilifungua. Mikono ilianza kazi yenyewe, jani hili huku, jani lile kule, kama kawaida ya mpanga madaraja. Halafu ikapunguza mwendo. Alisogea dirishani kwenye mwanga, akainua jani, akalinusa. Kingo zilikuwa nyeusi. Jani lilikuwa limekaushwa kabla ya kuiva, na madoa ya kijani yalikuwa yamegandia humo. Akachukua la pili, la kumi, la mwisho. Yote yalikuwa yameungua. Hakuna mnunuzi ambaye angeyapa hata daraja la chini. Siku anayafunga alikuwa haoni kitu, lakini Emilian alikuwa anaona. Emilian ndiye aliyemfundisha kuona.

"Bani zima liko hivi?" aliuliza.

Emilian aliangalia sakafu. "Zima."

"Nilipoacha kulala hukunileta. Nilipoongea na moto hukunileta, na mkeo alikuomba." Minza aliliweka jani mkononi mwa kaka yake, akamkunjia vidole juu yake mpaka likavunjika. "Umenileta nilipounguza tumbaku."

Emilian alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemjaa, na siwezi kusema yalikuwa ya uongo. Lakini neno lililomtoka lilikuwa hili: "Na msimu ujao, Minza?"

Hata Nassibu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Msimu ujao utakesha wewe, kaka," Minza alisema.

Akamwambia muuguzi aandike Fikiri, herufi kwa herufi, na namba ya simu. Akajitanda mtandio, akaiacha kamba ya katani mezani, akatoka na binti yake kwa miguu kuelekea Ipuli.