Niligawa Mimi, Akachagua Yeye

Kosa ni langu. Naliandika hapa juu kabisa ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana wanaonijua hapa Majengo hunitafutia, na mimi huwaacha.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Chenji naihesabu mara mbili, kisha naigeuza nahesabu upande wa pili. Hata viatu nikivivua mlangoni mwa msikiti, huvitazama mara mbili kabla sijaingia. Tangu nipate akili sijanunua kitu kwa bei niliyotajiwa kwanza, na zamani nilijivunia jambo hilo. Siku hizi sijivunii, wala sioni aibu. Nipo tu.

Rafiki yangu nitamwita Barasa, ingawa si jina lake. Kwao ni magharibi, ni Mkristo, anakaa Kaloleni na mkewe na watoto wao. Tulijuana kwenye mnada wa magari makuukuu. Tukanunua pikapu mbili siku moja, za aina moja, zimefanana hata kutu imeanzia mahali pamoja. Mimi nikawa nabeba mboga na kuwahamishia watu vyombo. Yeye akawa analeta makaa kutoka njia ya Machakos, anawauzia wachoma nyama wa soko la Burma. Nyumba mbili zikawa zinakula kwa magari hayo.

Baada ya mvua za mwaka ule, barabara zikiwa mashimo matupu, shokabzoba za nyuma zikatufia. Yangu ya kushoto, yake ya kulia. Kwa asiyejua magari, shokabzoba ni kile chuma kama pampu kinachokaa karibu na gurudumu, kazi yake kulizuia gari lisidundedunde. Kikifa, utalipita shimo, utalisahau, lakini gari lenyewe bado linalikumbuka.

Gereji tulizijua bei zake. Tukakubaliana tutafunga wenyewe nyumbani, pale uwanjani nyuma ya nyumba ya Barasa. Spana anazo yeye, jeki ninayo mimi. Kuzitafuta hizo shokabzoba nikaachiwa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo.

Muuza vyuma vikuukuu alikuwa na mbili tu za kutufaa, tena hakutaka kuziachanisha. Nikapatana naye. Nikaondoka, akaniita. Nikaondoka tena, akaniita tena, safari hii akashuka bei upesi mno. Mtu wa kazi yangu akiona bei inaanguka namna hiyo hushtuka. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia waziwazi kwamba moja ni nzima, nyingine ni ya kujazia jozi tu, na kwamba yeye hakufungua duka ili aue watu.

Nikazibonyeza mwenyewe. Ile nzima ilishuka polepole, kwa kinyongo, ikarudi polepole vilevile. Ile nyingine ilishuka kama pampu ya baiskeli isiyo na ngozi.

Nikazichukua zote mbili.

Hadi hapo nilikuwa mnunuzi tu, sijamkosea mtu. Ningeweza kumwambia Barasa moja ni mbovu, tukacheka, tukatafuta nyingine. Lakini njiani nilishaanza kupiga hesabu.

Sisi huku tukinunua kitu kwa shirika, iwe mbuzi au gunia la mchele, tuna utaratibu wetu. Mmoja anagawa, mwenzake ndiye anayechagua kwanza. Anayegawa atagawa sawasawa, asije akabaki na fungu baya. Na aliyechagua hana la kulalamika, kwa sababu mkono ni wake. Ni utaratibu mzuri. Nimeutumia miaka mingi bila kuona tundu lake.

Tundu lake ni hili: unafaa tu kama anayegawa hamjui sana anayechagua.

Nami Barasa nilimjua. Alikuwa mtu wa kung'arisha vitu. Viatu vya kanisani alivipiga rangi hadi ungeweza kuvifanya kioo cha kunyolea ndevu. Pikapu ya makaa, yenye vumbi jeusi mpaka kwenye masikio ya dereva, yeye aliipangusa kioo kila jioni kama ya gavana. Basi ile shokabzoba nzima niliiacha na matope na kutu yake. Ile mbovu nikaisugua kwa mafuta ya taa, nikaipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo la baiskeli. Ikapendeza. Hata mimi, nijuaye siri yake, niliitazama mara mbili.

Jumamosi alasiri nikazilaza juu ya gunia pale uwanjani.

“Mimi nimegawa,” nikamwambia. “Chagua.”

Akachuchumaa. Akaitazama ile ya kutu kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni asiyeoga. Kisha akanyoosha mkono kwenye ile nyeusi, ajaribu kuibonyeza.

“Wacha kuishika, rangi haijakauka. Utachafuka bure.”

Akaurudisha mkono. Barasa ni mtu wa kusikia akiambiwa. “Basi hii ndiyo yangu,” akasema. “Wewe mzoea vya bei rahisi, chukua hiyo babu yako.”

Nilicheka naye. Kicheko hicho ndicho kinachonirudia, wala sijui kwa nini, maana hakikuwa kirefu.

Tukaanza na gari langu. Tukaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, tukapiga jeki. Nati ya chini ilikuwa imeshikana na kutu, na Barasa ndiye aliyelala chini kuimwagia mafuta ya taa na kuipiga nyundo hadi ikakubali. Alijichuna vidole viwili. Alihakikisha kila raba imekaa mahali pake, akakaza, akatingisha, akakaza tena. Kwa hiyo ile nzima ilifungwa kwenye gari langu kwa mikono yake. Ya kwake nikamfungia mimi, na niliikaza vizuri sana. Hilo sikuiba.

Tulipomaliza aliegemea mkia wa gari lake kwa uzito wote, akaachia. Gari likadunda, likadunda tena, likadunda tena ndipo likatulia. Akanitazama.

“Ikiwa ndiyo kwanza imefungwa huwa hivyo,” nikamwambia. “Itazoea.”

Mkewe akatuletea chai na viazi vitamu, tukala tumekaa juu ya lile gunia.

Barasa aliendesha hivyo wiki kadhaa. Siku moja, akirudi na makaa hadi juu ya kibanda cha dereva, kwenye ile barabara ya vumbi iliyojaa mikunjo kama bati, akaingia kona ambayo ameipita mara nyingi. Alinisimulia baadaye kwamba mkia wa gari uliruka pembeni kama mbuzi, ukaruka tena, na usukani haukuwa wake tena. Gari likalala mtaroni. Mguu wake wa kulia ukabaki chini ya mlango.

Hospitali waliukata chini ya goti.

Watu walisema mengi. Wengine wakalaumu makaa, kwamba alipakia kupita kiasi. Wengine wakailaumu barabara. Huenda ni kweli. Kila mtu pale Kaloleni ana haki ya kusema “huenda.” Mimi peke yangu ndiye sina.

Nilimtembelea hospitali kila siku. Nilimpelekea machungwa. Nilikaa kando ya kitanda nikisubiri nilie, kama wanavyolia watu, lakini hakikuja kitu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akinifariji. Alikuwa akisema labda alifunga breki vibaya kabla ya kona, labda alisinzia. Alijikagua mwenyewe kitandani pale, miezi na miezi, akitafuta kosa lake. Nami nilikaa namsikiliza.

Alipotoka hospitali, pikapu ilikuwa imeshauzwa chuma chuma. Mkewe, nitamwita Mama Nekesa, akaishika biashara ya makaa, akiuza kwa debe palepale Burma. Mzigo ukawa hauna wa kuubeba. Nikasema nitaubeba mimi, bila malipo. Mtaa mzima ukanisifu. Watu walionijua kwa kuvutana bei ya fungu la nyanya wakaniamkia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona.

Siku moja nikashindwa. Si kwamba moyo uliniuma. Ningefurahi kama ungeniuma. Nilichoka tu kuhesabu. Nikamkuta Barasa amekaa mlangoni, magongo yake yameegemezwa ukutani, mkewe yuko sokoni. Nikamwambia yote: maneno ya muuza vyuma, mafuta ya taa, kopo la rangi, na kwa nini nilimkataza kuibonyeza.

Hakunikatiza. Kisha akauliza jambo moja.

“Ningeichagua ile ya kutu, ungeniachia?”

Nilikuwa na jibu zuri kinywani. Nililiacha.

“Hapana,” nikasema. “Ningekuongelesha mpaka ubadilishe.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu na kuiona imekaa sawa.

“Mama Nekesa asijue,” akasema.

Nikamwambia nitamwambia mwenyewe, tena leo hii.

“Husikii? Akijua, hatapanda gari lako. Na makaa yake yatabebwa na nani, mimi?” Akautazama mguu usiokuwepo. “Utabeba. Utanyamaza. Na hapa kwangu usije tena.”

Sijaenda tena. Nabeba. Mama Nekesa hukaa mbele, kando yangu, leso yake imejaa vumbi la makaa. Huniuliza kwa nini siku hizi sifiki kumwona rafiki yangu, nami humwambia kazi nyingi. Tukifika Burma hunisaidia kushusha magunia, kisha husema, “Mungu akuzidishie, shemeji. Bila wewe sijui tungekula nini.” Kila siku. Nami huitikia amina. Sisikii chochote nikiitikia. Gari langu haliruki kabisa, hata kwenye mashimo.

Haya nimeyaandika bila jina kwa sababu ya huyo mama. Hasomi magazeti, na pale Burma gazeti ni la kufungia nyama, lakini siwezi kuwa na hakika.

Wewe unayesoma, sikufundishi uaminifu, sina cheti chake. Nakuambia jambo dogo tu. Ukimdhulumu mwenzako, usimpangie mambo hadi aonekane amejidhulumu mwenyewe. Mwachie basi nafasi ya kukulaumu. Na kama ulishafanya, usingoje upate maneno mazuri ya kuanzia. Mwambie upesi, angali na miguu yake miwili ya kukufukuzia.