Kaka Yangu Kapteni

Kaka yangu alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu, Mlalo, kuwa ofisa wa jeshi. Nyota tatu za begani kwake ziliheshimiwa njia nzima kutoka Lushoto. Zikifika kwa mama zilikuwa vifungo tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua hayo mabuti, unanichafulia sakafu. Halafu chukua jembe, mahindi ya kijiji yanangoja palizi."

Alivua, akachukua jembe. Miaka hiyo ya Ujamaa kila kaya ilikuwa na zamu katika shamba la kijiji, lililokuwa kwenye mteremko mkali ambao hata mbuzi waliushuka kwa kufikiri. Kapteni akaamua kutupanga kama gwaride: kushoto, kulia, jembe juu! Kina mama walimtii hatua chache. Kisha mmoja akateleza, akamshika mwenzake, na mstari mzima ukaporomoka hadi migombani, kapteni akitangulia. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kukasirika, kicheko kikamshinda.

Ilikuwa likizo yake ya mwisho. Alipelekwa ng'ambo ya bahari, katika nchi ya visiwa iliyopata uhuru baada yetu, kuwafundisha askari wao. Huko, kuruta mmoja alidondosha bomu la mkono miguuni pake mwenyewe. Kaka alimsukuma ndani ya handaki. Yeye hakuwahi kuingia.

Tulimzika nyumbani kwa risasi za heshima zilizowafanya watoto wazibe masikio. Mama hakulia mbele ya wageni. Lakini matangani jirani mmoja alipoanza kusimulia lile gwaride la majembe, tulicheka huku machozi yakitutoka, hata mchungaji.

Mwaka uliofuata kijana mgeni aliteremka kwenye basi akitetemeka kwa baridi, taulo kaizungusha shingoni. Aliulizia kwetu, akaletwa. Kiswahili chake kilikuwa cha visiwani kwao, na mama akihemewa hurudi kwenye Kishambaa, kwa hiyo nilikaa katikati yao kama mkalimani.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyesukumwa."

Mama alimtazama kuanzia taulo hadi viatu. Niliogopa.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, mama."

Mama alikamata jogoo, kisha akakumbuka kwamba mgeni ni Mwislamu na sisi ni Walutheri. Akatoka mbio, jogoo kwapani, kwenda kwa mzee jirani amchinje kwa halali. Jioni hiyo kijana alikula mpaka akalegeza mkanda, na mama akaongeza.

Alikaa kwetu mpaka maharage yakavunwa, akilima, akianguka, akicheka. Alipoondoka, mama alimfungia gunia la viazi ampelekee mama yake.

"Vitaoza melini," nilimwambia.

"Vioze," alijibu, akikaza kamba. "Mradi mwenzangu ajue vilitumwa."