Dobi wa Kipandio cha Tisa

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, amefanya kazi hoteli moja kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo amekuwa akimtunza marehemu mmoja. Vitanda, mapazia, taulo na huyo marehemu, vyote viko chini yake.

Hoteli ni ya zamani, na ngazi yake ya mbao imelainishwa na viganja vya watu. Wageni hawafuati vitanda, maana vimebonyea katikati. Wanamfuata Dobi.

Kisa chake Mama Mkubwa hukisimulia kila siku saa kumi alasiri, wageni wakiwa wamesimama chini ya ngazi. Zamani, mgeni wa chumba namba sita alimpa dobi wa hoteli shati, akasema analitaka saa kumi. Dobi akalifua, akalipiga pasi mpaka kola ikasimama wima. Alipofika juu, mgeni alikwishaondoka. Dobi alikufa shati likiwa bado kabatini mwake, na tangu hapo kila alasiri hupanda kulipeleka. Kwa kuwa magoti yake yalikuwa mabovu, hupumzika kwenye kipandio cha tisa. Hapo Mama Mkubwa hunyamaza na kuinua kidole. Na kipandio cha tisa, bila mtu juu yake, hulia: kwiii.

Ukweli ni kwamba mchana kutwa jua la dirishani hukipiga kipandio hicho kimoja tu. Likihama saa kumi, mbao hupoa, hujikunyata na kulia. Wafanyakazi wote wanajua, na hakuna aliyewahi kumwambia mgeni.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsaidia kazi zisizohitaji maneno mengi: kufua, kukunja, kupiga pasi. Wiki hiyo kulikuwa na wasiwasi. Mama mmoja anayeandika kitabu cha nyumba zenye mizuka alikuwa anakuja kukagua kama hoteli yetu bado inastahili ukurasa wake.

"Dada," mwenye hoteli alimwambia Mama Mkubwa, "huyu akitufuta kitabuni, vyumba vya juu nafunga. Na nikivifunga, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Mama Mkubwa aling'arisha kila kitu. Mkono wa ngazi ulikuwa unacheza, akamwita fundi, ambaye ni mume wake. Baba Mkubwa ni seremala wa kupindukia. Ukimkaribisha kwako, hukipindua kiti kwanza akague miguu yake. Ila mizuka anaiogopa kuliko moto. Miaka yote hiyo alimsubiri mkewe getini, na kisa cha Dobi hakuwahi kukisikia. Siku ile ya ukaguzi alikubali kuingia kwa sababu ilikuwa asubuhi. "Mizuka haiamki mapema," alisema.

Alivua shati, akalitundika msumarini, akafanya kazi na fulana. Shati lilikuwa na madoa ya gundi mbichi ya karakanani kwake. Nililichukua, nikalifua, likakauka juani, nikalipiga pasi na kulirudisha palepale. Sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Saa tisa alasiri Baba Mkubwa aliita, "Mke wangu, njoo uone!" Akakirukia kipandio cha tisa kwa miguu miwili. Kimya. "Kilikuwa kinalia kama paka aliyebanwa na mlango. Nimekitia kabari tatu, gundi, na skrubu sita kwa chini. Sasa hata tembo apite!"

Mama Mkubwa alikaa sakafuni. "Umemuua Dobi."

"Nani?"

"Dobi wangu, wewe mwanaume! Si ndiye aliyekuwa analia hapo!"

"Mbao na dobi wapi na wapi?"

"Kilegeze."

"Nikilegeze?" Ungedhani ameambiwa amzabe mama yake kofi. Lakini alipouona uso wa mkewe, alichukua bisibisi. Alitoa skrubu zote, akagonga, akatikisa. Gundi ilikuwa imeshashika, na kipandio hakikutoa hata mguno.

"Nimefanya kazi nzuri mno," alisema kwa huzuni. Akanawa, akavaa shati, akasimama nyuma ya wageni aone maafa aliyoyaleta.

Mwandishi alikuwa mama mfupi mwenye daftari. "Nimelala katika nyumba arobaini zenye mizuka," alitutangazia. "Thelathini na nane ni panya."

Mama Mkubwa alisimulia. Akanyamaza, akainua kidole. Kimya. Mtu akakohoa. Nilikiona kidole kikishuka taratibu.

"Leo hajapanda," alinong'ona. "Miaka ishirini na sita hajakosa hata siku moja. Kama hayuko ngazini, basi yuko hapa chini, kati yetu, anamtafuta mwenye shati."

Kila mtu alitazama kifua chake mwenyewe.

"Hili shati," sauti ya Baba Mkubwa ilitoka nyuma, nyembamba kama uzi, "nani kalipiga pasi?"

Watu wakageuka. Kola yake ilikuwa wima.

"Asubuhi lilikuwa na gundi! Mke wangu, ni wewe?"

"Si mimi," alisema Mama Mkubwa, na nikaona kwamba yeye mwenyewe ameogopa.

Nilifungua mdomo niseme. Lakini mbele ya watu zaidi ya watatu sauti yangu huwa haitoki, na pale walikuwa kumi na wawili.

"Lipeleke namba sita, yaishe," mwandishi alimwambia.

Baba Mkubwa alilivua palepale, akapanda. Cha saba, cha nane. Alipofika kwenye cha tisa aliinua mguu, akakiruka. Alilitundika shati kwenye kitasa cha namba sita, akashuka akikiruka tena.

"Fundi, si wewe uliyetengeneza kipandio hicho?" mwandishi alimuuliza, akiitazama bisibisi mfukoni mwake na gundi mpya ya kipandio.

"Ni mimi."

"Kina kasoro?"

"Hakina hata chembe!"

"Mbona hukikanyagi?"

"Kikanyage wewe."

Mwandishi akafunga daftari, akaomba mizigo yake ishushwe, apewe chumba cha chini.

Ukurasa wetu umebaki, na umeongezwa sentensi moja: fundi aliyekitengeneza kipandio hicho hakikanyagi. Vyumba vya juu hujaa kila siku, na Mama Mkubwa sasa humalizia kisa chake kwa kuelekeza kidole kwenye shati lililo mlangoni.

Siku tatu baada ya mwandishi kuja, nilimkuta Mama Mkubwa jikoni peke yake, nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na Baba Mkubwa?" niliuliza. "Tumwambie?"

Alifuta machozi, akafikiri.

"Mwache kwanza," alisema. "Tangu anioe, wiki hii ndiyo mara ya kwanza anajipigia pasi mashati mwenyewe, Dobi asimtangulie."