Redio ya Pili Mezani

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alipenda redio za mawasiliano tangu ujana wake, na leseni anayo. Kila asubuhi alizungumza na kaka yake mgonjwa wa moyo, anayeishi peke yake mlimani, ambako simu hazishiki. Juzi redio yake iliungua, basi akaja dukani kuchagua nyingine ya mkononi, ya dijitali kama ya kaka.

“Chukua hii, mama. Bei ya kati, kioo cha rangi!” alisema muuzaji. “Dijitali ni dijitali.”

“Tuijaribu kwanza.”

Waliweka masafa, Sindano akajitambulisha, akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya kilekile.

“Labda bado kalala.”

“Kaka yangu? Huyo ndiye anayeamsha majogoo!”

Aliigeuza redio, akasoma kibandiko cha nyuma. Kumbe ni ya mfumo mwingine, na redio za dijitali za mifumo tofauti hazisikilizani. Akaomba ya pili, ya bei hiyohiyo, nene kama tofali, lakini ya mfumo wa kaka.

Hapo kidole kikagoma. Ile ya kwanza ilikuwa na kisingizio. Hii ikinyamaza, atamlaumu nani?

“Bonyeza basi, mama.”

Akabonyeza. “Kaka, unanipata?”

Redio ilikoroma kidogo. “Nakupata, Sindano. Siku mbili zote umeninunia, nimekukosea nini?”

Sindano alikalia kiti cha muuzaji bila kukaribishwa.

“Nifungie hii,” alisema. “Tena usiizime.”