Mitundu Saba Nyuma ya Bani

Tumbaku mbichi inapoanza kukauka ndani ya bani hutoa harufu ya majani yaliyochemshwa pamoja na sukari iliyoungua kidogo, harufu tamu inayokaa kwenye nywele hata ukioga mara mbili. Kijijini kwetu, kati ya Tabora na Kaliua, masika yalinukia hivyo. Barabara yetu ya vumbi inafuata njia ya zamani ya misafara, iliyopitisha wapagazi na mizigo yao; mimi niliijua kama njia ya kuni. Bani ni jengo refu kwenda juu, la matofali, lisilo na madirisha. Majani hufungwa kwenye fito, hutundikwa humo toka chini hadi darini, na moto huwashwa kwa siku sita au saba bila kuzimwa. Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwamba bani ni mnyama. Lilikula, lilipumua, lilitokwa na jasho ukutani, na baba yangu alilihudumia kama mtu anayefuga kitu asichokielewa vizuri.

Bani letu la kwanza lilikula msitu. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi, kwa maana niliuona msitu ukirudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka kukata kuni kukawa safari ya kubeba chakula. Karibu na nyumbani ilibaki mitundu saba tu, miti mirefu ya miombo ambayo maua yake hupendwa na nyuki, iliyosimama hatua mia hivi nyuma ya bani, na sababu ya kubaki kwake ilikuwa mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mfuga nyuki, na kwenye kila mti alikuwa ametundika mizinga yake ya magome. Kwetu, mti wenye mzinga haukatwi hadi nyuki wahame wenyewe. Baba aliishi na desturi hiyo kama mtu anavyoishi na mlango wa jirani: alipita mbele yake kila siku na hakuugusa. Lakini kila kuni zilipopungua nilimwona akiinua macho na kuitazama ile miti, kisha akiyashusha upesi.

Mwaka huo akaja fundi kutoka Isikizya, kijana mpole mwenye kipimajoto mfukoni, akatujengea bani jipya. Tanuru lake lilikuwa na mdomo mwembamba, nondo za kuegeshea kuni, tundu la hewa chini, na mabomba yaliyozungusha joto ndani kabla ya moshi kutokea juu kwenye dohani. Alisema litakula nusu ya kuni, mradi zipasuliwe ndogondogo. Siku ya kulijaribu aliniita, akanipa unyoya wa kuku, akaniambia niushike mbele ya mdomo wa tanuru na kuuachia. Unyoya ulinyonywa ndani, ukapotea. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Fundi akanieleza kwamba hewa ya moto hupanda dohani na kuivuta nyingine nyuma yake, na mimi nikakubali kwa kichwa huku nikiwaza kwamba sasa tumepata mnyama mwenye adabu. Mbele ya mama, baba alimwahidi mjomba kwamba kwa bani hili mitundu saba itabaki salama.

Fundi alipoondoka, wazee wenzake baba walikuja kulitazama. Walizunguka, wakainama, wakamuuliza kama amejenga bani au jiko la mandazi. Mmoja alisema atamletea kikaango. Baba alicheka nao, lakini kicheko hicho hakikumkaa vizuri. Tangu ujana wake alijua kukausha tumbaku kwa namna moja: unaingiza gogo zima, nusu ndani nusu nje, unalisukuma kadiri linavyoungua. Kupasua kuni vipande vya kiganja aliona ni kazi ya kupikia maharage. Kesho yake asubuhi alichukua patasi na nyundo, akaupanua ule mdomo mpaka ukatosha magogo mawili, akang'oa na nondo. Kisha akawasha moto, majani yakiwa tayari yametundikwa.

Moshi haukupanda tena. Ulimwagika mdomoni, ukatambaa chini kama maji, na upepo wa siku zile ukaupeleka moja kwa moja kwenye mitundu. Kuni zilizokusudiwa kumaliza wiki ziliisha siku ya tatu. Siku ya nne mjomba alikuja, akaweka sikio kwenye mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimfuata nikiweka sikio baada yake. Mizinga ilikuwa kimya. Baba alitusubiri mbele ya bani, shoka mkononi.

"Mizinga yako mitupu, shemeji," alisema. "Mti mtupu ni kuni. Desturi unaijua kuliko mimi."

"Naijua. Inasema nyuki wakihama. Hawa umewafukiza."

"Moshi una njia yake. Sikuutuma."

"Na hilo shoka, nalo lina njia yake?"

Baba aligeuka akaelekea kwenye mitundu. Ndani kulikuwa na kazi yetu ya mwaka mzima, na moto ulikuwa unafifia. Aliangusha mti mmoja siku hiyo, mkubwa kuliko yote, na mama akaingia ndani asiuone ukianguka. Aliporudi na gogo begani alinikuta nimechuchumaa mbele ya tanuru. Nilikuwa nimeokota unyoya, nikauachia kama nilivyofundishwa, nao ukanirudia usoni. Nikauachia tena, ukarudi tena.

"Baba," nilimwuliza, "siku ile lilimeza. Leo linatema. Kwa nini?"

Nilitaka kujua tu. Alilitua gogo. Aliutazama ule unyoya, akanyanyua macho kwenye dohani isiyotoa kitu, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Kwa sababu nimelipasua mdomo," alisema.

Kuujenga upya mdomo kulimaanisha kuuacha moto ushuke mchana kutwa, na tumbaku ikipoa katikati ya safari huingia madoa. Aliuacha ushuke. Tulikanda udongo pamoja, akarudisha nondo na matofali, mama akapasua kuni. Majani ya juu yalitoka meusi, na baba alilaumiwa sana sokoni. Lakini mti ule mmoja, uliopasuliwa vipande vya kiganja, ulimaliza ukaushaji ule na uliofuata. Mitundu sita ikabaki. Mjomba alilibandua gome la ule ulioanguka kabla halijakauka, akashona mizinga miwili, akaitundika jirani. Nyuki walirudi baada ya misimu miwili ya mvua.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama ushindi. Sasa naishi mjini Tabora, na kila nikirudi nyumbani ushindi wenyewe unanitatiza. Wale wazee wa kikaango walijenga mabani kama letu, wote. Na kwa kuwa kila bani lilikula nusu, kila mmoja aliona anaweza kulima mara mbili, kisha mara tatu. Mitundu sita ipo, lakini imezungukwa na tumbaku hadi macho yanapokoma. Mjomba hubeba mizinga yake kwa bodaboda hadi msitu wa mbali, kwa sababu nyuki hawaishi kwa miti sita. Fundi hakutudanganya, hesabu yake ya kuni ilikuwa sahihi. Bado najiuliza ni hesabu ipi ambayo hakuna aliyetufundisha.

Msimu uliopita baba aliacha robo ya shamba bila kuilima. Hakupanda kitu. Mizizi ya zamani ya mitundu iliyokuwa hai ardhini ikachipua yenyewe, na nilipofika Pasaka machipukizi yalimfikia kiunoni. Alikuwa amesimama na mjomba katikati ya machipukizi hayo, wazee wawili sasa, wakiyatazama.

"Shemeji," baba akauliza, "mtundu huchukua miaka mingapi mpaka utoe ua la kwanza?"

Mjomba alishika jani moja, akaligeuza, akalitazama upande wa chini.

"Sijui," alisema. "Mimi miti nimeikuta."