Dorika na Mtihani wa Kunyamaza

Dorika wa Mgori alikuwa jasiri, au tuseme mkaidi. Mimi tofauti siioni. Kwao kila mtoto huambiwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Yeye aliitika, tena mchana kweupe.

Aliyemwita alikuwa dada yake, Selina, aliyekufa kwa homa mwaka uliotangulia, wiki mbili kabla ya kwenda chuo cha ualimu. Enzi za Selina mtihani wa kuingia chuo ulikuwa wa mdomo: padri anauliza, wewe unasimama na kujibu kwa sauti. Basi alijifua msituni akiokota kuni, Dorika akimuuliza maswali. Sasa Dorika naye alikitaka chuo hicho, maana asipofaulu ataolewa baada ya mavuno, na ng'ombe walishatajwa. Akaingia msitu uleule peke yake. Siku ya tatu sauti ikatoka nyuma ya miti: "Saba mara nane?"

Nywele zilimsimama. Lakini sauti ya dada yako utaikataaje? "Hamsini na sita, dada." Tangu hapo kila mchana Selina aliuliza, Dorika akajibu.

Kisha Mwalimu Paskali akamwita. "Mambo yamegeuka, binti. Mwaka huu maswali yanatoka Dar es Salaam, yamefungwa kwa lakiri. Ni kuandika tu. Soma swali mara mbili, anza na unaloliweza, na ufyate mdomo. Atakayetoa sauti anatolewa nje."

"Nimesikia, mwalimu." Mwezi mzima akajizoeza kuandika kimya kimya nyumbani. Msituni hakurudi.

Siku ya mtihani alifungua karatasi, na sauti ile ikamsomea swali la kwanza, karibu kabisa na sikio. Akatazama wenzake. Hakuna aliyeinua kichwa. Akaandika.

"Dorika, hujanijibu."

Akaandika la pili.

"Mdogo wangu, mbona unanyamaza? Umenichoka?"

Masikini! Machozi yalidondoka kwenye wino. Alitamani kusema japo neno moja, naam dada, lakini msimamizi alikuwa amesimama ubavuni mwake. Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Haya, kwaheri," Selina akasema.

Dorika akageuza ukurasa.

Alifaulu, akafundisha mpaka akastaafu. Watu walipomsifu kwa mtihani ule, aliwajibu, "Siku ile nilimkana dada yangu."